Mtambo wa Simu ni wa Nani?

Chukua simu yako, ndugu msomaji, uingie kwenye mafaili ya WhatsApp, pale zinapokaa sauti mlizotumiana na watu wa nyumbani. Kama simu yako ni ya Android, utakuta jina la kila faili linaishia na neno "opus". Wengi tunalipita bila kulijali. Lakini neno hilo lina historia, na historia yenyewe inatuhusu sana sisi wa kambini. Mimi niko Nyarugusu, mama mdogo yuko Uvira, dada yuko Dzaleka huko Malawi, binamu zangu wako Nakivale, Uganda. Miaka mingi sasa familia yetu ni sauti tu.

Wakubwa mnakumbuka, zamani simu ilikuwa na wenyewe. Nimepanga foleni kwenye kibanda cha simu, hela mkononi, mwenye kibanda anaangalia saa. Ukianza kulia, dakika zinakwenda, na kilio nacho unakilipia. Bei ile haikutoka kwa mwenye kibanda peke yake. Mitambo ya simu ilitengenezwa na kampuni chache, programu zake zilifungwa, na asiye na fedha nyingi hakuweza hata kuchungulia ndani aone inavyofanya kazi.

Mwaka 1999, jimbo la Alabama, Marekani, kijana mmoja aitwaye Mark Spencer alikuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn. Kwa mtaji wa dola 4,000 hivi alianzisha kampuni ndogo ya kuwasaidia watu wanaotumia Linux. Wateja wangepiga simu, kwa hiyo alihitaji swichibodi, yaani mtambo wa ofisini unaopokea simu na kuzipeleka kwa wahusika. Bei ikamshinda. Basi akakaa kwenye kompyuta, akaandika ya kwake. Akaiita Asterisk, jina la ile alama ya nyota iliyo kwenye vitufe vya simu. Kisha akaitoa kwa leseni huria.

Hapa tuelewane vizuri. Huria si bure tu. Kitu cha bure unaweza kupewa leo na kesho ukanyang'anywa. Huria ni haki: unaruhusiwa kuitumia programu, kuisoma ilivyoandikwa, kuibadili na kuwagawia wengine. Ila kwa leseni ya Asterisk, ukiwagawia ile uliyoibadili, nao uwape haki hizohizo.

Programu peke yake haikutosha; ilibidi kompyuta iunganishwe na nyaya za simu. Mwenzake Jim Dixon aliona kwamba kompyuta za kawaida zimeshakuwa na nguvu ya kufanya kazi iliyofanywa na vifaa vya bei mbaya. Akabuni kadi ya kuziunganisha, na michoro yake akaiweka wazi kwa kila mtu. Mradi wake aliuita Zapata, kwa heshima ya Emiliano Zapata wa Mexico, aliyepigania ardhi ya wakulima. Mtu atauliza: sasa hao walikula nini? Kampuni ya Spencer, iliyokuja kuitwa Digium, iliuza kadi na ufundi. Mpishi anaweza kukufundisha pilau yake, na bado watu wakaja kula kwake.

Simu ya intaneti hufanya kazi hivi. Sauti yako inakatwa vipande vidogo, mara nyingi vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kwa sekunde. Kila kipande kinabandikwa anwani na kusafiri peke yake, halafu upande wa pili vinapangwa upya. Kinachochelewa kinaachwa; ndiyo maana mtandao ukiwa mbaya mama anasikika kama anamezwa maneno.

Vipande hivyo lazima vibanwe viwe vyepesi. Simu ya kawaida ya kidijitali hutumia kilobiti 64 kwa sekunde. Kulikuwa na njia ya kuibana sauti hadi kilobiti 8, iitwayo G.729, lakini ilikuwa na hataza, hivyo hata mwenye Asterisk alinunua leseni kwa kila laini. Yaani mlango uko wazi, ufunguo unauzwa. Hapo ndipo ilipokuja Opus, mwaka 2012. Iliunganisha kazi ya Skype na ya shirika la Xiph.Org, haidai malipo, na inaweza kushuka hadi kilobiti 6, bila kuhesabu zile anwani. Ndiyo iliyo kwenye simu yako.

Afrika nako haikukaa kutazama tu. Huko Mankosi, kijijini katika Eastern Cape, Afrika Kusini, wanakijiji walishirikiana na Chuo Kikuu cha Western Cape kujenga mtandao wao wa simu kwa vifaa vidogo vyenye programu huria na umeme wa jua. Umeme huohuo ukachaji simu za watu, hela ikaingia. Mwaka 2014 wakasajili ushirika, Zenzeleni, neno la Kixhosa lenye maana ya "jifanyieni wenyewe". Baadaye waligeukia zaidi kuuza intaneti.

Sisemi programu huria inamaliza shida. Haileti umeme, hailipi bando, na mnara ukizimwa nayo inanyamaza. Lakini ndugu zetu wa mashirika, mkija na mradi wa simu ya malalamiko au ya kutafuta jamaa waliopotezana, tafadhali tuulizane mapema: mradi ukiisha, programu inabaki kwa nani? Kama leseni inakufa pamoja na bajeti, basi ilikuwa ya kuazima.

Na vijana, kompyuta kuukuu yenye Linux inatosha kujifunzia Asterisk, na masomo yake yanaweza kuhifadhiwa yakasomwa hata bila mtandao. Anzeni na kitu kidogo: kwa Kiswahili bonyeza 1, kwa Kirundi bonyeza 2. Mama akipiga, ajibiwe kwa sauti anayoielewa, iliyopangwa na mtoto wa kijiji cha pili hapahapa kambini.