SKAUTI SI JESHI: HISTORIA FUPI KWA WAZAZI

Wazazi wengi wanapomwona mtu mzima akipiga filimbi na kupanga watoto mistari, moyo hushtuka. Hatuwalaumu. Kwetu Kongo watoto wamepewa bunduki. Hapa Mpondwe, karibu na Bwera, waasi wa ADF walivamia tarehe 13 Novemba 1996. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wakaua wanafunzi zaidi ya 30 shuleni na kuteka wengine.

Ni kweli, mwanzilishi wa skauti, Baden-Powell, alikuwa mwanajeshi wa Uingereza. Makaburu walipouzingira mji wa Mafeking, Afrika Kusini, 1899 hadi 1900, aliona wavulana wakipeleka barua kwa uaminifu. Lakini mwaka 1907, alipowapigisha wavulana kambi kisiwani Brownsea, hakuwapa silaha. Walijifunza kufunga mafundo, kupika na kuokoa maisha. Uganda ilipokea skauti mwaka 1915. Mwenyewe alifariki Kenya mwaka 1941, akazikwa Nyeri.

Wazee wetu wanaikumbuka JMPR ya Mobutu: kijana aliingizwa bila kuulizwa. Skauti ni hiari. Mtoto huja kwa ruhusa ya mzazi, hutoa ahadi kwa kinywa chake, na akitaka huacha. Mlezi naye hujitolea, hana mshahara.

Sisi walimu tunaolea kundi hili hatutoshi. Wazazi, njooni mketi, mtazame, muulize. Atakayeridhika abaki atusaidie kulea. Mtoto asiye na mlezi, mwenye bunduki humwita wake.