Seva ya Linux: Kwa nini nakala ya akiba ijaribiwe kabla ya kusasisha?

Sehemu kubwa ya tovuti duniani inaendeshwa na seva zinazotumia Linux, mfumo huria ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Kila seva ya aina hiyo inahitaji kusasishwa na kuwekewa nakala za akiba. Wengi huziona kuwa kazi mbili tofauti, lakini yaliyoikuta kampuni ya GitLab yanaonyesha kuwa moja ikienda bila nyingine, zote mbili huharibika.

Yaliyotokea GitLab

Januari 31, 2017, fundi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za watengenezaji programu, alikuwa akirekebisha hitilafu ya kanzidata. Alikusudia kufuta data kwenye seva ya pili, lakini akaifuta kwenye seva kuu. Alipositisha amri hiyo, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5 tu.

Mafundi walipokimbilia nakala za akiba, hawakuzikuta. Kanzidata yao ilikuwa PostgreSQL toleo la 9.6, lakini programu ya kuinakili iliyokuwa ikiitwa kila siku ilikuwa ya toleo la 9.2, na programu ya zamani hukataa kunakili kanzidata mpya kuliko yenyewe. Barua pepe za kuonya zilitumwa, ila zilikataliwa njiani na hazikumfikia mtu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi aliitengeneza takriban saa sita kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa.

Hatari ya kutosasisha

Je, si salama zaidi kuiacha seva kama ilivyo? La. Marekebisho ya kasoro yanapotangazwa, wadukuzi nao huyasoma. Machi 2017 yalitolewa marekebisho ya programu ya Apache Struts. Kampuni ya Equifax ya Marekani haikuyaweka kwa wakati, na kuanzia Mei wadukuzi walichota taarifa za watu wapatao milioni 147.

Hatua za kufuata

Kwanza, chukua nakala ya vitu vitatu: faili za tovuti, kanzidata, na mipangilio ya seva, ambayo kwa kawaida huwa katika folda ya /etc. Kanzidata inayofanya kazi isinakiliwe kama faili za kawaida, kwa sababu data hubadilika wakati kunakili kunaendelea. Tumia mysqldump au pg_dump, kulingana na aina ya kanzidata.

Pili, hifadhi nakala moja mbali na seva. Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walipoteza tovuti pamoja na nakala zao, kwa kuwa vyote vilikuwa mahali pamoja.

Tatu, irejeshe nakala hiyo kwenye mashine nyingine na uifungue tovuti. Ikigoma, umegundua tatizo mapema.

Nne, ndipo usasishe, ukianza na seva ya majaribio kama unayo, na katika saa zenye wageni wachache. Kwenye Debian na Ubuntu, amri ya apt update huleta orodha mpya ya programu, na apt upgrade huziweka. Kwenye AlmaLinux na Rocky Linux hutumika dnf upgrade. Soma orodha ya mabadiliko kabla ya kukubali. Kiini cha mfumo kikibadilishwa, kwa kawaida seva lazima iwashwe upya. Kuhamia toleo jipya zima, kwa mfano kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04, ni kazi kubwa zaidi inayotengewa siku yake.

Tano, kagua. Fungua kurasa za tovuti, jaribu kuingia kwa nenosiri, na soma kumbukumbu za makosa. Kesho yake, angalia kama nakala ya usiku ilitoka na kama ukubwa wake unalingana na ya jana.

Hatua hii ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi, kwa kuwa tovuti inafunguka na kila kitu kinaonekana sawa. Ndivyo ilivyokuwa GitLab pia, hadi siku nakala ilipohitajika.