Urwa alihesabu kilichobaki



Ndugu zangu katika imani, leo tumkumbuke Urwa bin Zubeir, Allah amrehemu. Mama yake ni Asmaa binti Abubakar, na mama yake mdogo ni Bibi Aisha, Allah awaridhie. Yeye ni mmoja wa wanazuoni saba mashuhuri wa Madina.

Alisafiri kwenda Sham kwa Khalifa Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala mwaka 86 hadi 96 Hijria. Safarini mguu wake ukapata ugonjwa wa kuoza, na matabibu wakaona lazima ukatwe kabla haujapanda juu. Wakampa kinywaji cha kulevya asisikie maumivu, akakataa. Ukakatwa kwa msumeno naye akimtaja Allah, mpaka akazimia. Katika safari hiyo hiyo, mwanawe Muhammad aliingia zizini, akapigwa teke na mnyama, akafariki.

Wanahistoria wamesimulia kwamba Urwa alimhimidi Mola wake, akahesabu: nilikuwa na watoto saba, umechukua mmoja, umeniachia sita, nilikuwa na viungo vinne, umechukua kimoja, umeniachia vitatu.

Sasa jiulize: moyo huu aliupata wapi? Haukushuka siku ya msumeno. Imepokewa kwamba alikuwa akisoma robo ya Qur'ani kila siku kwa kutazama Msahafu, kisha usiku akisimama nayo katika sala. Hakuacha ila usiku ule aliokatwa mguu. Ndugu yangu, shukrani ni mazoea. Asiyeizoea siku ya afya, ataitafuta wapi siku ya msiba?

Basi anza leo. Kabla hujalala, weka simu pembeni, taja neema tatu ulizobaki nazo, kwa majina yake: macho, mama aliye hai, unga wa kesho. Sema Alhamdulillah kwa kila moja. Kesho rudia, utaje nyingine.

Na tahadhari moja. Hesabu ile Urwa aliifanya mwenyewe, juu ya mguu wake na mwanawe. Usimwendee mfiwa ukamwambia, "Shukuru, umebakiwa na wengine." Kaa naye, mpikie, muombee. Hesabu ya neema zake muachie yeye na Mola wake.

Ewe Allah, tujaalie tuwe wenye kukushukuru katika wasaa na katika dhiki. Aamiin.