Jibini ya Roma Haitoki Roma

Ukitafuta chakula cha Sardinia mtandaoni, cha kwanza unaletewa ni casu marzu, ile jibini yenye mabuu hai. Watu wanapiga kelele, views zinaingia, imeisha. Hata kuiuza ni marufuku, lakini ndiyo imekuwa sura ya kisiwa kizima. Mimi naona hadithi tamu iko kwa jibini nyingine kabisa.

Inaitwa Pecorino Romano. Ngumu, chumvi kali, maziwa ya kondoo. Ukisikia jina unasema hii ni ya Roma, si ndio? Zii. Nyingi sana inatengenezwa Sardinia, kisiwa cha Italia kwenye bahari ya Mediterania. Zamani ilikuwa ya Roma kweli. Halafu 1884 wakuu wa jiji wakapiga marufuku kutia jibini chumvi ndani ya maduka ya mjini. Wafanyabiashara wakavuka bahari kufuata kondoo. Wasardinia walikuwa na jibini yao wenyewe, lakini soko la Marekani lilitaka Romano, so maziwa yakaelekea huko.

Shida ni kwamba bei ya maziwa ikafungwa kwa hiyo jibini moja. Romano ikishuka, mfugaji analia. Februari 2019 alikuwa analipwa kama senti 60 za yuro kwa lita, na alichotaka ni yuro 1. Wafugaji wakamwaga maziwa barabarani, lita kwa lita, mbele ya kamera. Kuna waliosema ni laana kumwaga chakula. Rahisi kusema kama hujawahi kuamka alfajiri kukamua kondoo halafu mwingine ndiye anapanga bei. Mwezi uliofuata wakakubaliana kuanzia senti 74. Hesabu mwenyewe.

Mkate wao angalau haujabadilishwa jina sana. Pane carasau: unga unasukumwa mwembamba, ukiingia kwenye tanuri la moto unafura kama puto, unapasuliwa pande mbili kwa kisu, kisha unarudishwa motoni mpaka ukauke kabisa. Unakaa miezi bila kuharibika, ndiyo maana mchungaji aliubeba milimani. Nyumbani unaloweshwa kwenye mchuzi wa nyama, juu unawekewa nyanya, jibini na yai. Hiyo ni pane frattau, na mimi ningeila hata saa hii. Waitaliano wa bara wakauona mkate wenyewe wakauita karatasi ya muziki. Sawa, jina zuri, lakini bado ni la mgeni.

Kwa mvinyo ndiyo ugomvi wenyewe. Zabibu yao nyekundu, Cannonau, ni ileile Wahispania wanaita Garnacha. Kwa miaka mingi vitabu vilisema ililetwa na watu wa Aragon, waliovamia kisiwa 1323. Wasardinia wengi wanakataa, wanasema ni yao. Sasa, karibu na mji wa Cabras, wachimbaji wa mambo ya kale walipata mbegu za zabibu zilizolimwa, ndani ya visima vya miaka kama 3,000 iliyopita. Mbegu hizo zinafanana zaidi na zabibu nyeupe za huko, kwa hiyo kesi ya Cannonau haijaisha. Lakini wakati zinatupwa kisimani, hakukuwa na Mhispania yeyote kisiwani wa kufundisha mtu kulima zabibu.