Gari Yako Ilizaliwa Mara Mbili

Wasee, namba pleti inatudanganya. Ndai ikipita na KDA, mnasema "hiyo ni mpya." Mpya wapi? Zile herufi zinaonyesha tu iliandikishwa Kenya lini. Kabla ya hapo ilikuwa na pleti ya Japani, na mtu huko aliiendesha miaka kadhaa. Gari yako ilizaliwa mara mbili.

Tulifikaje hapa? Tunashika kushoto, usukani kulia, kwa sababu Mwingereza alitutawala. Japani hakuwatawala, lakini nao hushika kushoto. Kwa hivyo gari yao inashuka Mombasa ikiwa tayari kwa barabara zetu.

Lakini si ati tumenunua huko tangu zamani. Miaka ya 70 na 80 kuagiza gari kulitaka leseni, na serikali ilikuwa inalinda viwanda vya kuunganisha magari Thika, Nairobi na Mombasa. Ukiwa na Peugeot 504, mtaa mzima ulijua umeomoka. Mwaka wa 1986 Moi aliambia Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari ya Kenya. Nyayo Pioneer ikaonyeshwa 1990, lakini haikuwahi kufika sokoni.

Mapema miaka ya 90 soko likafunguliwa, mitumba ya Japani ikaingia. Huko kwao gari mpya hukaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila miaka 2, na kuipitisha kunakula doo. Wengi huona heri waiuze. Mwalimu na mwenye duka wa huku wakapata gari ambayo wazazi wao waliiona tu ikiwapita. Viwanda vyetu navyo vikaumia, na kazi za watu zikaenda. Yote mawili ni kweli, tusichague moja.

Ndipo sheria ya KEBS, ile KS 1515: usukani kulia, ikaguliwe kabla ya kupanda meli, na isizidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Ndio maana 2026 huwezi kuleta iliyosajiliwa kabla ya 2019. Ukitimiza hayo unalipa ushuru KRA, halafu NTSA inakupa pleti na logibuku.

Sasa skia hii. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka wa 2018. Gari ya miaka 12 inashuka bandari yetu, inakanyaga lami yetu mpaka Malaba, lakini wewe wa Kayole huruhusiwi kuinunua. Wakati huo huo, barabara zimejaa KAA na KAB, pleti zilizoanza kutolewa tangu 1989, zingine zikitoa moshi kama jiko la makaa.

Niliacha chuo, lakini hii hesabu haihitaji digrii. Miaka si ugonjwa. Kilichofanya mitumba ya Japani iwe poa ni ule ukaguzi wa kila mara, na ndio tuliouacha huko. Sisi tunasoma cheti cha kuzaliwa pale bandarini, kisha gari ya kibinafsi inajipeleka mpaka breki zikatae.

Serikali ikitaka kuleta ukaguzi wa magari yote, tutapiga kelele, na tuko na sababu: tunajua vile stika hununuliwa. Basi tudai ukaguzi usionunulika. Breki mbovu haijali kama uko KAA ama KDA.