Ng'ong'ona: Kijiji Kinacholaza Watoto Wetu



Mzazi wa kwetu akisema mwanawe "yuko UDOM", mara nyingi kijana huyo anasoma UDOM lakini analala Ng'ong'ona. Historia ya mahali hapo inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Kabla ya mwaka 2007 Ng'ong'ona kilikuwa kijiji cha Wagogo, kando ya mji wa Dodoma: mashamba ya uwele na mtama, ng'ombe, na nyumba za tembe ambazo Mnyaturu yeyote angezitambua (japo angebisha kwamba za kwao zimekandikwa vizuri zaidi). Jirani yake mashuhuri alikuwa Chimwaga, ukumbi wa mikutano mikuu ya CCM. Mwaka huo serikali ilianzisha Chuo Kikuu cha Dodoma, na Chimwaga pakawa mwanzo wake. Chuo kilitengewa hekta zipatazo 6,000, lengo likiwa wanafunzi 40,000.

Mabweni yalijengwa mengi, lakini hayakumtosha kila mtu. Wenyeji wakaliona hilo mapema. Mwenye shamba akajenga vyumba vinne vya tofali, choo uani, akapangisha. Mama lishe wakafuata, wakaja wenye mashine za kutoa kopi, wauza chipsi na bodaboda. Mwaka 2016 serikali ilipoamua kuhamia Dodoma kwa kasi, baadhi ya wizara zilianzia ofisi zao ndani ya majengo ya chuo. Hapo mtumishi mwenye mshahara akaanza kugombea chumba kilekile na mtoto wa mkulima wa alizeti.

Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pengine ya mwaka mzima. Mkopo wa Bodi, kwa aliyebahatika kuupata, unaweza kuingia baada ya masomo kuanza. Katika wiki hizo vijana wetu hulala wanne godoro moja kwa aliyewatangulia. Tunamjua mmoja aliyeshindwa, akarudi Sepuka mwezi Novemba na begi lake, akasubiri mwaka mzima.

Ndiyo maana sehemu ya michango ya mwaka huu itakopeshwa kama kodi: chama kitamlipa mwenye nyumba moja kwa moja, na mwanafunzi atarejesha fedha zake zikiingia. Na wale wenzetu waliojenga Ng'ong'ona, maana wapo, tunawaomba watuletee bei za vyumba vyao kabla chuo hakijafunguliwa.