Sababu ya programu kushindwa kuchora ilhali kumbukumbu ya tarakilishi ingalipo

HUENDA karani wa afisi jijini Nakuru akaanza kazi asubuhi bila tatizo, lakini kufikia alasiri sehemu za programu yake zimekuwa nyeusi, vitufe vimetoweka na maandishi hayasomeki. Wengi hukimbilia kununua kumbukumbu zaidi. Hali inapokuwa hivyo, fedha hizo huweza kupotea bure, kwani huenda kilichokwisha si kumbukumbu bali vifaa vya kuchorea.

Katika Windows, programu nyingi za zamani huchora kwa mfumo uitwao GDI. Kupitia mfumo huo, programu huazima kalamu za mistari, brashi za rangi, aina za herufi na picha. Windows 3.1 ya mwaka wa 1992 ilivibana vifaa hivyo katika eneo la kilobaiti 64 pekee. Siku hizi kikomo ni cha idadi: kwa kawaida vifaa 10,000 kwa kila programu.

Tuchukue mfano wa programu inayochora ramani ya Kaunti ya Nakuru, yenye maeneobunge 11 na wadi 55, kuanzia Naivasha hadi Kuresoi. Tuseme programu hiyo huazima brashi mpya kwa kila wadi kila inapochora, wala hairudishi hata moja. Karani akisogeza ramani, yote huchorwa upya. Brashi 55 zikizidishwa mara 182 ni 10,010; kikomo kimeshapitwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Dawa imo mikononi mwa mtunzi wa programu. Kwanza, kila kifaa kirudishwe mara tu kinapomaliza kazi. Pili, wadi zenye rangi moja zitumie brashi moja, ili rangi tano zihitaji brashi tano tu. Tatu, ichorwe upya sehemu iliyobadilika, si dirisha zima.

Mtumiaji naye aweza kupima mwenyewe. Afungue Task Manager, aingie Details, kisha aongeze safu ya GDI objects. Idadi ikizidi kupanda kila anaposogeza ramani, na isishuke kamwe, programu ina dosari. Ahifadhi kazi yake, aifunge programu na kuifungua upya. Vifaa vyote vitarejeshwa.

Kikomo cha 10,000 chaweza kuongezwa katika mipangilio ya Windows. Hata hivyo, kwa programu isiyorudisha inachoazima, huko ni kuahirisha tatizo tu.